Wakala anatuuzia Thailand, faini tunalipa walimu

Mhariri,

Gazeti lako limeandika mara nyingi kuhusu masaibu ya wafanyakazi wa nyumbani kule Ghuba, na msichoke. Ila kuna kundi jingine ambalo halisemwi, labda kwa kuwa sisi huondoka tumefunga tai: walimu tunaopelekwa Asia kufundisha Kiingereza. Mimi nilipelekwa Thailand.

Nimesajiliwa na TSC, tume ya walimu, lakini kwa miaka minne nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, mshahara ukitegemea kama wazazi wamelipa karo. Mtu wa hali hiyo akitajiwa baht 35,000 kwa mwezi haulizi mengi. Wakala alikuwa na ofisi Nairobi, zulia jekundu, kibendera cha Thailand mezani na risiti zenye muhuri. Nilimlipa Sh180,000, nusu mkopo wa Sacco, nusu ng'ombe wa mama. Nilipouliza habari ya kibali cha kazi, alicheka. "Hiyo utafanyiwa ukifika, mwalimu. Wewe panda ndege." Viza iliyokuwa kwenye pasipoti yangu ilikuwa ya utalii. Afisa wa uhamiaji uwanjani aliponiuliza safari ya nini, nilijibu nilivyofunzwa: kutembea tu. Nilidanganya, nakiri.

Si kwamba Thailand haina utaratibu. Mwalimu mgeni anatakiwa kuwa na viza ya kazi, wanayoiita Non-B, inayoombwa kwa barua za anayemwajiri. Anahitaji idhini ya Khurusapha, baraza la walimu la huko. Kisha ndipo Idara ya Ajira inampa kibali, na kibali hicho kinataja mwajiri na mahali pa kazi. Ukikutwa unafundisha kwingine, una matatizo. Ujanja umejificha hapo. Wakala wetu ana mwenzake kule, ambaye ndiye "mwajiri", na kazi yake ni kutukodisha kwa shule. Shule inamlipa yeye, yeye anatumegea. Mimi nilimegewa 18,000. Nilipolalamika niliambiwa wazazi wa huko wanapenda pasipoti za Uingereza na Marekani, kwa hiyo nishukuru. (Siku ya wazazi niliombwa niseme natoka Marekani. Nikasema natoka Kitale. Hakuna aliyejua ni wapi, mambo yakapita.)

Kila siku za viza zilipokaribia kwisha tulijazwa kwenye gari usiku kucha hadi Savannakhet, ng'ambo ya mto nchini Laos, kuomba nyingine. Nauli na ada juu yetu. Mwezi wa Agosti wakaguzi walifika shuleni. Nilitolewa darasani kupitia mlango wa jikoni, nikakaa nyuma ya matangi ya maji karibu saa mbili nzima, kalamu ya ubao mkononi, nikiwasikia wanafunzi wangu wakipiga kelele bila mwalimu. Sheria yao inasema anayefanya kazi bila kibali atozwe faini ya kati ya baht 5,000 na 50,000, kisha arudishwe kwao. Walimu wawili niliokuwa nikiishi nao yaliwafika. Mimi niliondoka kabla, kwa nauli waliyonichangia wenzangu. Simu ya wakala ilikuwa imezimwa. Na bado sisi tulikuwa na bahati. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikionya kuhusu Wakenya wanaoahidiwa kazi Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar kulazimishwa kutapeli watu mitandaoni.

Linalonikera, Mhariri, ni kwamba hili halihitaji sheria mpya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uandikwe kwa fomu maalumu, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Kifungu cha 86 kinasema anayemshawishi mtu aende nje bila mkataba huo ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh200,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sh200,000! Mimi peke yangu nilimpa Sh180,000. Akiwatuma watano, hiyo faini kwake ni gharama ya biashara kama kodi ya ofisi.

Niliporudi nilienda kushtaki. Kituo cha polisi kiliniambia hilo ni deni, niende mahakamani. Ofisi ya leba iliniomba mkataba uliothibitishwa. Nisingekuwa pale kama ningekuwa nao.

Naiomba Wizara ya Leba na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira wafanye jambo moja: wapite kwenye ofisi za mawakala wanaotangaza kazi za ualimu Asia, waitishe mikataba iliyothibitishwa ya watu waliokwisha kuwasafirisha. Asiyekuwa nayo afungiwe na kushtakiwa. Nanyi walimu mnaojiandaa, msitoe hata shilingi kabla hamjaona muhuri wa afisa wa leba na jina la shule kwenye karatasi moja.

Wakala wangu hajahama. Wiki iliyopita nilipita pale nikakuta foleni ngazini, wote na bahasha za vyeti, wakisubiri kuhojiwa kwa muhula unaofunguliwa Mei.

Mwalimu aliyerejea,
Trans Nzoia