*TAARIFA YA TAWI: WALIOKATAA NYUKLIA SI WAJINGA*

Ndugu wanachama,

Kuna ujumbe unazunguka eti wavuvi wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia cha Kenya, "hawajasoma". Tawi linakataa kauli hiyo. Walitetea ardhi yao na bahari wanayovua, wakaletewa polisi. Msomi hapo ni nani?

Sisi wa Korogwe na Handeni hatuogopi umeme. Mtambo wa Hale upo tangu 1964. Lakini maji ya Pangani yakipungua tunayaona. Mionzi haionekani, na taka zake hubaki na sumu maelfu ya miaka.

Urani ipo hapa nchini, Mto Mkuju, Namtumbo. Wakija na kinu tutauliza: taka mtazika kwa nani, na mlimuuliza lini?

_Katibu wa Tawi_