"Ni ya China" Si Jina la Ugonjwa

Kuna sentensi moja inayotamkwa kwenye gereji za Nairobi kila siku ya Mungu. Gari linaingia likigonga upande wa mbele, go-go-go kila likipita bampu. Fundi anainama, anachungulia chini kwa sekunde kama tano, anapangusa mikono na tambara, kisha anatoa hukumu: "Bosi, hii ni ya China." Na mwenye gari, mtu na digrii yake, mtu anayebishana na daktari kuhusu dawa ya homa, anatikisa kichwa kama aliyesomewa majibu ya maabara.

Hayo ni majibu gani? Ukienda hospitali goti linakuuma, daktari akutazame tu usoni aseme, "Wewe ni wa Rongai," utamlipa?

Nitasema wazi kabla hamjanirukia: sijatumwa na Mchina yeyote, na sisemi kila gari linalotoka huko ni imara. Ninachosema ni kwamba uraia wa gari hauwezi kugonga. Kinachogonga ni kitu fulani, mahali fulani, na kina jina. Saspensheni ya mbele ya magari mengi madogo, yawe ya Japani, Korea ama China, ni ya mtindo uleule uitwao MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Shoki moja iliyovikwa springi, mkono wa chini (loa-amu, kama mafundi wanavyouita) unaoshikiliwa na bushi za raba, boljointi moja, na linki nyembamba inayoshikana na chuma cha stabilaiza. Juu kabisa, ndani ya boneti, kuna maunti yenye raba na beringi yake. Basi. Orodha ya washukiwa ni hiyo, haizidi vidole vya mkono mmoja kwa sana, na ni ileile kwa Chery na kwa Vitz.

Lakini angalia tunavyohukumu. Sheria yetu inaruhusu gari kuukuu kuingia nchini mradi halijapita miaka minane. Kwa hiyo lile la Japani tunaloliita "jipya" likishuka Mombasa, raba zake zimeshazeeka, zimeanza kupasuka pasuka kama kisigino cha Januari. Likigonga, tunasema ni barabara mbovu. La China likigonga kwa bampu ileile, tunasema ni China. Na linki ya bei nafuu utakayoiweka kwenye Toyota yako, uliyonunua pale Kirinyaga Road, kuna uwezekano mkubwa imetengenezwa China pia. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba tangu siku hiyo Toyota yako imebadilisha dini.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Kelele kavu ya mbele, mwendo wa polepole, kwenye mashimo madogo madogo: mshukiwa wa kwanza si shoki. Ni linki ya stabilaiza. Na kuna ujinga mmoja wa kuipima: fundi anapiga jeki upande mmoja, anaitikisa linki, haichezi, anasema ni nzima. Bila shaka haitacheza. Gurudumu moja likining'inia na lingine likiwa chini, kile chuma cha stabilaiza kimejipinda, kinaivuta linki mpaka inakakamaa, hata kama imekufa. Ipime magurudumu yote mawili yakiwa juu, au yote mawili yakiwa chini. Njia nyingine ni kufungua linki zote mbili, kuzifunga kando zisiguse kitu, na kuzunguka mtaa polepole (gari litayumba kwenye kona, usijifanye wa Safari Rally). Kelele ikipotea, umempata mwizi na hujatumia hata shilingi ya spea.

Ukishika breki gari linapiga "dum" moja nzito, na ukiondoka linapiga nyingine, hapo uliza bushi za loa-amu. Ingiza mtaimbo, sukuma, tazama raba. Ikiwa imechanika utaona mpasuko. Ukikata usukani gari likiwa limesimama, springi inaruka "twaang", weka mkono juu yake mwenzako akikata: ukisikia inashika halafu inaachilia, ni beringi ya maunti. Boljointi usiichezee. Gurudumu likicheza juu chini ukiliinua kwa mtaimbo, gari hilo halitoki gerejini, kwa sababu boljointi ikichomoka gurudumu linalala, na haijalishi ulikuwa Waiyaki Way ama mlangoni kwako. Shoki nayo ikifa huonyesha: mafuta yamevuja mwilini mwake, tairi limelika mabonde mabonde, gari linaendelea kudunda baada ya bampu kama kitanda cha hosteli.

Dakika arobaini, pengine saa nzima. Zana zenyewe ni jeki, stendi mbili za kuzuia gari lisikuangukie, mtaimbo na tochi. Hakuna kompyuta hapo. Hakuna siri ya Beijing.

Na kuna jambo lingine linaloniuma kuliko yote. Tuseme bushi kweli zimekufa, fundi anaweka mpya. Gari liko juu, magurudumu yananing'inia, anakaza nati mpaka mwisho, anashusha, anadai pesa yake. Amekwisha kuiua ile bushi. Raba ya bushi nyingi imegundishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, siku zote gari likisimama chini raba hiyo inaishi imesokotwa, kama mtu aliyelala shingo upande. Baada ya miezi michache inachanika. Inatakiwa ushikize nati kidogo, ushushe gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Fundi asiyejua hili ataona bushi ya pili imechanika, ya tatu pia, na atakuambia kwa uchungu wa kweli kabisa, "Spea za China hazikai."

Si uongo anasema. Anaamini. Ndiyo maana siwezi kumalizia hasira yangu yote kwake.

Binamu yangu anaendesha teksi ya app, kagari kadogo kametoka China. Kalianza kugonga. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilimuuzia shoki mbili za mbele, 18,000. Siku ya pili, go-go-go iko palepale. Akarudi, akaambiwa, "Si nilikwambia hizi gari ni za China?" Fikiria ujasiri huo: dawa imekosa, kosa ni la mgonjwa. Baadaye akampata mzee mmoja Kariobangi anayefanyia kazi chini ya mwembe. Mzee akafungua linki mbili, akaketi kiti cha mbele, wakazunguka mtaa. Kimya. Linki mpya, pea, 3,000. Kisha mzee akaomba 500 ya kuangalia. Na binamu yangu, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amelipa 18,000 bila kelele, akaniambia kwa simu, amekasirika: "Manze, soo tano ya kuangalia tu?"

Hapo sasa. Hiyo "kuangalia tu" ndiyo ugonjwa wenyewe. Sisi hulipa kitu kilicho ndani ya boksi. Boksi tunaliona, tunalishika, tunapiga picha risiti. Saa nzima ya mtu kulala mgongoni akisikiliza chuma, hiyo tunaiita bure. (Mimi huandika kwa kulipwa kipande kwa kipande, "kuandika tu" nimeisikia vya kutosha, so msinifundishe.) Fundi anajua hutalipia uchunguzi. Kwa hiyo atafanya nini? Atakuuzia shoki, kwa sababu duka la spea litamkatia kitu kidogo kwa kila shoki, na hakuna duka la kumkatia kitu kwa kusema, "Shoki zako ni nzima, nenda nyumbani." Tumemjengea biashara ambamo ukweli una hasara, halafu tunashangaa anadanganya. Sentensi ya "ni ya China" inawafaa wote wawili: fundi haulizwi tena, na mteja anapata mtu wa mbali wa kulaumu.

Inamfaa wa tatu pia, na huyo ndiye mjanja zaidi: muuzaji. Kwenye shorumu utaonyeshwa skrini kubwa kama ya baa, paa la kioo, kamera pande zote. Hakuna atakayekuonyesha loa-amu kwenye rafu. Gari likigonga miezi kumi na minane baadaye utaambiwa spea inaagizwa, subiri. Na ukimpelekea fundi wa nje, hana kitabu cha gari hilo, hajui nati inakazwa kwa nguvu kiasi gani, hajui toleo lako linachukua mkono upi, maana toleo moja linaweza kuwa na aina mbili. Magari mengi yana namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17, na kipuri sahihi hutafutwa kwa namba hiyo. Za China huanza na L, kama za Japani zinavyoanza na J. Tesla zinazotoka kiwanda cha Shanghai nazo huanza na L, na sijasikia mtu akizicheka. Anayeficha katalogi ya spea huku akiuza magari anajua vizuri kwamba kelele ikija, lawama itaruka juu ya kichwa chake mpaka China.

Na magari haya yanaongezeka. Tangu 2022 mabasi ya umeme ya BYD yanabeba abiria humu Nairobi, na magari madogo ya umeme yanafuata. Betri ni nzito. Bushi, linki na boljointi ndizo zitabeba uzito huo juu ya matuta yetu yasiyopakwa rangi. Injini haingurumi, kwa hiyo kila "dum" utaisikia waziwazi.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha ile skrini kwanza. Muulize muuzaji bei ya linki ya mbele, bei ya loa-amu, na kama zipo dukani leo, si wiki ijayo. Mwambie aandike kwa karatasi. Akianza kukuonyesha tena jinsi paa linavyofunguka, toka nje, shika mathree urudi home. Na gari ulilo nalo likianza kugonga, ingia gerejini useme hivi kabla hata hujafungua boneti: "Fundi, uchunguzi ni pesa ngapi, bila spea?" Akisema ni bure, washa gari.