Mbona Hatujafa?

Kila ninapowaambia wenzangu bwenini kwamba chakula cha moto hakifai kutiwa katika mfuko wa plastiki, jibu huwa lile lile: "Tumekula humo tangu utotoni, mbona hatujafa?" Wao hucheka, nami hucheka, kisha kila mtu hufungua mfuko wake na kula maharage yanayotoa mvuke. Hapa Uganda mfuko huo tunauita kaveera, na humo hutiwa kila kitu: katogo ya asubuhi, uji, hata chapati na mayai tunayoiita rolex. Matoke yenyewe, ambayo bibi zetu waliyafunika kwa majani ya mgomba, siku hizi wapishi wengi huyafunika kwa kaveera yakiwa bado juu ya moto.

Nimechoka kucheka, na katika insha hii nataka kulijibu swali hilo. Nasema kwamba "mbona hatujafa" si hoja hata kidogo. Anayeisema huwatazama watu wasiohusika, katika wakati usiohusika. Madhara ninayoyasema huanza kabla mtu hajazaliwa, na huweza kujitokeza akiwa na miaka ishirini, thelathini au hamsini. Kuwa hai leo hakuthibitishi lolote.

Kwanza tuelewane kuhusu homoni. Homoni ni wajumbe wa mwili. Tezi huwatuma kupitia damu, kwa kiasi kidogo mno, ili waviambie viungo vikue, vipumzike au vibadilike. Zipo kemikali zilizotengenezwa viwandani ambazo hujifanya wajumbe hao, au huwazuia wajumbe wa kweli wasipokelewe. Mwili wa mtu mzima umeshajengwa, kwa hiyo ujumbe wa uongo ukikoma, mara nyingi mwili hurudia hali yake. Kijusi hakina hali ya kurudia. Mfuko wa uzazi, korodani na ubongo wake ndiyo kwanza vinajengwa, na ujenzi huo hufanyika mara moja tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi hutumia methali hiyo tunapozungumzia malezi, lakini inafaa vilevile kueleza jinsi homoni zinavyofanya kazi tumboni mwa mama.

Anayedhani kwamba haya ni maneno ya kutisha watu asome historia ya dawa iitwayo daiethilistilbestroli, ijulikanayo zaidi kwa herufi tatu, DES. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1938, nayo hufanya kazi mwilini kama estrojeni, homoni ya kike. Nchini Marekani madaktari waliwaandikia wajawazito dawa hiyo wakiamini kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 jaribio kubwa lililofanyika Chicago lilionyesha kwamba haizuii chochote. Hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa miaka mingi. Inakadiriwa kwamba nchini Marekani pekee wajawazito na watoto walioguswa na dawa hiyo walikuwa kati ya milioni 5 na milioni 10.

Watoto hao walizaliwa, wakanyonya, wakaenda shule. Kama mtu angeuliza mwaka 1960, "mbona hawajafa?", angeonekana ana hoja nzito. Kisha hospitalini Boston wakaanza kuonekana wasichana wenye saratani ya uke ya aina ambayo ilikuwa karibu haijulikani kwa watu wa umri wao. Mama wa mgonjwa mmoja alimuuliza daktari Howard Ulfelder kama huenda chanzo kilikuwa dawa aliyomeza alipokuwa na mimba. Ulfelder, Arthur Herbst na David Poskanzer wakalifuatilia swali hilo. Mwaka 1971 walichapisha habari za wagonjwa 8, ambao mama zao 7 walikuwa wametumia DES mwanzoni mwa ujauzito. Katika kundi la wanawake 32 waliolinganishwa nao, ambao mabinti zao hawakuwa na ugonjwa huo, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitumia. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wajawazito wasipewe.

Saratani ile iliwapata wachache, takriban binti mmoja katika kila elfu. Lakini mabinti wengi zaidi walipata matatizo mengine walipofika umri wa kuzaa: utasa, mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, mimba kuharibika, kujifungua kabla ya wakati. Dawa iliyotolewa ili kulinda mimba za mama ikaja kuharibu mimba za binti.

Najua pingamizi litakalofuata, maana rafiki zangu wanaosoma sayansi wamekwisha kunitupia: DES ilikuwa dawa, ikimezwa kwa vipimo vikubwa, na kaveera si DES. Ni kweli. Sisemi kwamba maharage ya kaveera ni sawa na vidonge vile. Polithini safi si sumu ya namna hiyo, na plastiki si kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba DES imetufundisha mambo matatu ambayo hayaondoki kwa kutaja tofauti ya kipimo. La kwanza, kondo la nyuma si ukuta. Kinachoingia katika damu ya mama huweza kumfikia mtoto. La pili, wakati una uzito kama kipimo. Walioathirika zaidi ni wale ambao mama zao waliianza dawa mapema katika ujauzito. La tatu, madhara yanaweza kujificha kwa miaka ishirini huku kila mtu akisema mambo ni shwari.

Wala si dawa peke yake. Huko Oakland, California, watafiti walihifadhi damu ya wajawazito iliyochukuliwa miaka ya 1959 hadi 1967, wakati DDT ilipokuwa ikinyunyizwa kila mahali. Mwaka 2015 Barbara Cohn na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia mabinti wa wanawake hao mpaka umri wa miaka 52. Wale ambao damu ya mama zao ilikuwa na aina fulani ya DDT kwa wingi zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya matiti karibu mara nne ya wale ambao mama zao walikuwa nayo kidogo zaidi. Hawakumeza kidonge chochote. Waliishi tu mahali ambapo watu wote waliishi.

DDT inatuhusu. Mwaka 2008 ilipulizwa majumbani katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa Uganda, ili kuua mbu wa malaria. Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba malaria isipigwe vita. Malaria inaua watoto mwaka huu, haisubiri miaka hamsini. Mkataba wa Stockholm wenyewe unaruhusu DDT itumike dhidi ya mbu pale ambapo hakuna njia nyingine iliyo salama, yenye nguvu na ya bei nafuu. Lakini kumbukeni hoja iliyosikika zaidi katika mgogoro ule hata ukafika mahakamani: soko la Ulaya la mazao ya kilimo hai. Hofu ilikuwa kwamba ufuta na pamba vikionekana na DDT, wanunuzi watavikataa. Ni hofu ya haki kwa mkulima. Ila naona aibu kwamba gunia la ufuta lilipata watetezi wenye sauti kubwa kuliko kijusi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna sentensi mbili. Moja inasema: "Haijathibitishwa kwamba kitu hiki kina madhara." Nyingine inasema: "Imethibitishwa kwamba kitu hiki hakina madhara." Ukihamisha ukanushi, maana yote inageuka. Sentensi ya kwanza inamaanisha tu kwamba hatujui. Ya pili inamaanisha kwamba tumepima tukaona. Wauzaji hutupa ya kwanza, nasi tunaipokea kana kwamba tumepewa ya pili.

Tazameni yaliyoipata bisfenoli A, yaani BPA, inayotumika kutengenezea plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo ya chakula. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa salama. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukaikataza katika chupa za kunyonyeshea watoto, na mwaka 2012 Marekani nayo ikaiondoa katika chupa hizo. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiasi ambacho mtu anaweza kupata kila siku bila kudhurika. Kikawa kidogo mara 20,000 kuliko kile ilichokuwa imekiruhusu mwaka 2015. Wapo wataalamu waliobishia hesabu hiyo. Lakini ikiwa wataalamu wa Ulaya wanaweza kuhitilafiana kiasi hicho, sisi tunapata wapi uhakika wa kusema "mbona hatujafa"? Na baadhi ya viwanda vilipoiacha BPA vilihamia bisfenoli S, ndugu yake wa karibu, ambayo nayo imeonekana kuvuruga homoni. Ukimkataza mwizi kwa jina, atarudi kwa jina jingine.

Ndiyo maana nasema mzigo wa ushahidi umewekwa kwenye kichwa kisichostahili. Leo anayetakiwa kuthibitisha ni anayedhurika, na anayedhurika hajazaliwa. Mzigo huo ubebwe na anayetengeneza na anayeuza. Kabla ya kuuza kitu kitakachogusa chakula cha moto, aseme kimetengenezwa kwa nini, na aonyeshe kwamba kimepimwa kwa ajili ya joto hilo.

Wengine watasema suluhisho ni kuwaelimisha akina mama. Sikubali. Mama lishe wa langoni kwetu hutumia kaveera kwa sababu ni rahisi kuipata na haioshwi. Mfuko wenyewe hauna hata neno moja linalosema umetengenezwa kwa nini. Mjamzito anayekula hapo hana maabara. Kumlaumu mama kwa kitu alichofichwa ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma. Wale mama wa Marekani walimeza DES kwa agizo la daktari, na bado wengi waliishi na majuto kana kwamba kosa lilikuwa lao.

Wala tusiseme haiwezekani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Hapa kwetu marufuku imetangazwa zaidi ya mara moja, na bado asubuhi hii nimeuziwa chapati katika kaveera.

Basi tuanzie tunapoweza. Naomba kantini ya chuo iache kutia chakula cha moto katika plastiki na kufunika matoke kwa kaveera. Jani la mgomba lipo, sahani zipo, na mwanafunzi anaweza kubeba bakuli lake la bati. Nawaomba walimu wetu wayaingize mambo haya katika mijadala yetu kwa Kiswahili, lugha ambayo mama lishe na mjamzito wanaweza kutusikia tukibishana. Nanyi wenzangu, siku nyingine mtu akiuliza mbona hatujafa, muulizeni swali alilouliza yule mama wa Boston: mtoto alipewa nini kabla hajazaliwa, na ni nani aliyesema ni salama?