Barabara zipimwe kwa wastani wa miaka mingi, si kwa fungu la mwaka

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yangu ya ukaguzi wa barabara nimeambiwa methali hiyo na madiwani, na wazee wa vijiji, na madereva wa malori ya mbao, na wote wana haki ya kuisema. Lakini anayeandika makadirio hawezi kuishia hapo. Ufa upi? Uzibwe lini, na kwa gharama ipi? Lami ina nyufa kila mahali na fedha hazitoshi kuziba zote. Maswali hayo yana jibu la hesabu, tena limejulikana tangu miaka ya 1960, ila sisi bado tunapanga matengenezo kwa kutazama fungu la mwaka mmoja.

Chukua kilomita moja ya lami. Kila mwaka baada ya masika mkaguzi huiweka katika hali moja kati ya tatu: nzuri, yenye nyufa, au mbovu. Tuseme iliyo nzuri ina uwezekano wa moja kwa tano wa kupata nyufa ndani ya mwaka. Yenye nyufa, ikiachwa, ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mbovu. Iliyo mbovu lazima ifumuliwe na kujengwa upya kwa shilingi milioni 400. Kuipaka lami nyepesi ingali na nyufa ni milioni 60, na inarudi kuwa nzuri. Hizi ni tarakimu zangu za mfano. Nimezichagua ili msomaji aweze kuzikagua kwa kalamu.

Anayengoja hupata, kwa wastani, miaka mitano ya barabara nzuri, miwili ya nyufa na mmoja wa ubovu. Milioni 400 kwa miaka minane ni milioni 50 kila mwaka. Anayewahi hupata mitano mizuri na mmoja wa nyufa, halafu analipa milioni 60: milioni 10 kila mwaka. Sasa fungua vitabu vya fedha. Anayengoja haandiki hata shilingi katika miaka saba kati ya minane, na kwenye kikao cha bajeti yeye ndiye anayepongezwa kwa kubana matumizi. Anayewahi kila mara ana ombi mkononi.

Ronald Howard wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha mwaka 1960 jinsi ya kuifichua gharama hiyo iliyojificha. Anza na kanuni yoyote ya lini kutengeneza, hata ile ya mazoea. Kokotoa wastani wake kwa mwaka, kisha kokotoa kila hali inakudai kiasi gani zaidi ya hali nzuri. Kwa kanuni ya kungoja, kuwa na nyufa kunakudai milioni 250 na kuwa mbovu milioni 350. Basi kuiacha barabara yenye nyufa mwaka mmoja zaidi, jambo ambalo vitabu vinaliandika sifuri, kunabeba deni la milioni 300, nusu ya 250 na nusu ya 350. Lami nyepesi ni milioni 60. Unabadilisha kanuni, unakokotoa upya, na unaendelea hivyo mpaka pasiwepo cha kuboresha. Hesabu hiyo hiyo inatuzuia pia tusizibe ovyo: kama kuziba kungegharimu zaidi ya milioni 300, ingekuwa bora kungoja. Methali haikuambii hilo.

Haya hayakubaki vitabuni. Idara ya usafirishaji ya jimbo la Arizona ilianza kuyatumia mwaka 1980 katika mtandao wa barabara wa maili 7,400. Kamal Golabi, Ram Kulkarni na George Way waliziainisha barabara kwa mtikisiko na nyufa, wakatafuta kanuni yenye wastani mdogo wa gharama itakayohakikisha kiasi fulani cha barabara kinabaki kizuri. Mwaka wa kwanza pekee ziliokolewa dola milioni 14. Zamani walizoea kungoja, kisha kumwaga tabaka nene la inchi tano. Takwimu zikaonyesha kwamba inchi tatu zinazowekwa mapema hudumu karibu sawa.

Kuna kipande kimoja cha barabara katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ambacho bado kinaniuma. Niliandika katika ripoti kwamba nyufa zimeanza na kipakwe lami nyepesi kabla ya mvua. Fedha zikahamishiwa sehemu korofi kwingineko. Maji yakaingia kwenye msingi, malori yakaukandamiza ukiwa umelowa, na kabla mkandarasi hajarudi tulikuwa tunazungumzia kufumua. Sikatai kwamba zile sehemu korofi zilihitaji fedha, maana watu walikuwa wamekwama kweli. Ila aliyeidhinisha uhamisho hakuwa na karatasi yoyote iliyomwonyesha bei ya kungoja.

Wastani una upofu wake, na ni lazima usemwe. Unahesabu mwaka wa thelathini sawa na mwaka huu, jambo ninalolipenda kwa sababu barabara huishi muda mrefu kuliko vipindi vya uongozi, lakini unasahau unapoanzia. Halmashauri ambayo barabara zake zote tayari ni mbovu haiwezi kuambiwa iwahi nyufa; itazitoa wapi zile milioni 400 za kwanza? Watu wa Arizona waliligundua hilo, wakatengeneza hesabu mbili: moja ya muda mrefu inayoonyesha pa kufika, na nyingine ya miaka michache inayoonyesha njia nafuu ya kufika huko. Tunazihitaji zote mbili.

Tena hatuwezi kuazima uwezekano wao. Phoenix, kule Arizona, hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Tukuyu, kwenye Nyanda zetu za Juu Kusini, hupita 2,000. Uwezekano wa lami yetu kutoka nyufa kwenda ubovu utajulikana kwa kupima kipande kile kile kila mwaka na kuitunza rekodi, kazi isiyo na sherehe wala utepe wa kukatwa. Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 1998, unatokana kwa sehemu kubwa na tozo tunayolipa kwenye kila lita ya mafuta. Sehemu ndogo ya tozo hiyo ilipie upimaji huo kabla ya kununua greda jingine.

Madiwani wanaweza kuanza bila kusubiri kompyuta. Wamwagize mhandisi alete jedwali la ukurasa mmoja: kila barabara, hali yake mwaka jana na mwaka huu, gharama ya kuitengeneza sasa, na gharama ya kuiacha mwaka mmoja zaidi. Na fungu la lami nyepesi lisihamishwe mpaka safu hiyo ya mwisho isomwe kwa sauti kikaoni na iandikwe katika muhtasari.