MWALIMU MKUU AACHIWE ASUBUHI YAKE



Siku hizi kumezuka mtindo. Mtu akiamka na neno lake, moja kwa moja shuleni kwa Mwalimu Mkuu. Huyu anataka barua ya uhamisho wa mtoto, yule kaja kuulizia mahindi ya uji, mwingine anaazima madawati ya arusi. Saa tatu asubuhi! Kipindi ni dakika 40 tu. Wageni wawili wakikaa ofisini, Hisabati ya darasa la saba imekwisha, na watoto wanarushiana chaki.

Tuseme haki, si wanakijiji peke yao. Tangu Januari 2016, elimu ilipokuwa bila malipo, fedha za ruzuku zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mwenye kujibu hesabu ni huyo huyo. Likija jengo la kutumia mafundi wa hapa hapa (wenyewe wanaita fosi akaunti), ndiye anayetafuta bei ya saruji, kuhesabu misumari na kutunza risiti. Hajakaa vizuri, simu inalia: leta takwimu, leo leo.

Maoni yetu ni haya. Kamati ya Shule imo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, wala haikuundwa ije kunywa soda siku ya kufunga shule. Ujenzi wa choo usimamiwe na wajumbe wawili kwa zamu, wapokee vifaa na kuandika daftari. Mwalimu Mkuu apite jioni, akague, atie saini. Wenye shida za kawaida waende Jumatano baada ya saa nane mchana. Mtoto mgonjwa au aliyepotea, hiyo haingoji Jumatano. Madawati ya arusi muulizeni mwenyekiti wa kamati.

Wapo watakaosema analipwa mshahara, avumilie. Sawa, lakini mshahara haumwongezei saa. Vikao vya huko juu hatuna amri navyo, ila Serikali ya Kijiji yaweza kumwandikia Afisa Elimu Kata, kumwomba viwe mchana, masomo yakishakwisha.

Daftari la ujenzi limekwisha nunuliwa na duka letu, liko kwa katibu wa ushirika. Wajumbe walichukue kabla saruji haijashushwa Jumatatu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani