Skrini ikilala, usikimbilie kuchomoa waya

Mwanafunzi mmoja wa chuo anayeishi Skuta, mjini Nyeri, ameniandikia akiwa amekasirika. Anasema kila anapoiacha kompyuta yake kidogo, akienda kuteka chai au kupokea simu, hurudi na kuikuta skrini nyeusi tititi. Juzi alibonyeza huku na kule, hakuona kitu, akachomoa waya wa stima ukutani. Alipoiwasha tena, kurasa 6 za kazi ya muhula zilikuwa zimetoweka. Fundi wa mtaani naye akamwambia skrini imeungua, atafute pesa za nyingine.

Msomaji, usitafute pesa kwanza. Skrini iliyoungua haingojei uende kuteka chai ndipo izime. Ikiwa inazima tu wakati hakuna anayeigusa, na ukiwa kazini haina neno, basi yamkini hakuna kilichoharibika. Kompyuta inafanya ilivyoagizwa. Wala baridi ya Nyeri ya mwezi wa Julai haihusiki, ingawa nimesikia ikilaumiwa.

Desturi hii ni ya zamani. Zile skrini nene, zenye kisogo kama televisheni ya babu, zilipakwa kwa ndani dawa inayong'aa. Picha moja ikikaa mahali pamoja siku nyingi, iliacha alama isiyofutika. Ndipo Desemba 1983 John Socha akachapisha katika jarida la Softalk la Marekani programu ndogo ya kuizima skrini ikiwa dakika 3 zimepita bila kibodi kuguswa. Baadaye hoja ikawa ni umeme. Mwaka 1992 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilianzisha alama ya Energy Star, na kompyuta na skrini zikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuipata. Skrini nyembamba za siku hizi haziachi alama kwa urahisi namna ile, lakini tabia ya kulala imebaki, na kwa mwenye kulipa bili ya stima si tabia mbaya.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi za watu hupotelea. Kuna mambo mawili yanayofanana machoni. La kwanza ni skrini kuzimwa, huku kompyuta yenyewe ikiendelea na shughuli zake. La pili ni kompyuta nzima kulala. Ikilala, kazi uliyokuwa ukiifanya hushikiliwa katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huishi kwa stima kidogo inayoendelea kuingia. Ukichomoa waya, au stima ikipotea mtaani, kompyuta ya mezani huweza kusahau kila kitu ambacho hakikuwa kimehifadhiwa. Kipakatalishi kina nafuu kwa sababu betri yake hushika zamu. Kwa hiyo kabla ya kuinuka kwenda jikoni, bonyeza Ctrl na S pamoja. Ni kazi ya sekunde moja.

Aliyekwisha kuchomoa asikate tamaa upesi. Programu ya Word, isipokuwa mtu ameigeuza, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Aifungue tena na atazame kama upande wa kushoto kuna orodha ya nakala zilizookolewa. Ikiwa kazi haikuwahi kupewa jina hata mara moja, aende kwenye File, kisha Info, kisha Manage Document, atafute palipoandikwa Recover Unsaved Documents. Huenda asipate kurasa zote 6, lakini 5 ni bora kuliko kuanza upya.

Turudi kwa skrini yenyewe. Ukiipata nyeusi, tikisa kipanya au bonyeza Shift, kisha ngoja sekunde kumi hivi. Nasema Shift kwa makusudi. Enter au kitufe cha nafasi huweza kukubali swali lililokuwa likingoja nyuma ya lile giza, ukajikuta umefuta faili au umetuma barua ambayo hukuimaliza. Shift ikibonyezwa mara moja haiandiki kitu. (Usiigonge mara tano mfululizo tu, itakuletea maswali mengine.)

Ikikataa kuamka, angalia taa ya kompyuta yenyewe. Katika mashine nyingi taa inayopepesa polepole ni dalili ya usingizi. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na ukiachilie. Usikishikilie! Kukishikilia kwa sekunde kadhaa ni sawa na kuchomoa waya.

Kisha bonyeza Caps Lock. Ikiwa kibodi yako ina taa ya herufi kubwa na inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta iko macho na inakusikia. Picha ndiyo haifiki. Hapo tazama kama waya wa skrini umelegea nyuma, maana watoto wakicheza chini ya meza hawaulizi. Katika Windows 10 na Windows 11 kuna dawa nyingine: bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa kidogo na mtambo wa picha utaanza upya bila kazi yako kuguswa.

Ikishaamka, nenda ukabadilishe lile agizo. Fungua Settings, ingia System, halafu Power. Utakuta saa mbili, moja ya skrini na nyingine ya usingizi wa kompyuta, na kwenye kipakatalishi kila moja ina hesabu mbili, ya betri na ya stima. Wengi hubadilisha ya betri huku wameichomeka ukutani, halafu wanashangaa mbona hakuna tofauti. Kwa mwanafunzi ningeweka dakika 15 kwa skrini na saa moja kwa usingizi inapokuwa kwenye stima. Sipendi Never, yaani isilale kamwe, hasa nyumba yenye watoto wanaosahau kuzima.

Kuna na agizo la tatu ambalo mafundi wenyewe hulisahau. Ni picha za kupumzisha skrini, zile za enzi za madirisha yanayoruka. Andika screen saver katika kisanduku cha kutafutia. Ukikuta limechaguliwa neno Blank, yaani tupu, hiyo nayo huleta giza hata kama umeshapanga saa zile mbili. Weka None. Wenye kompyuta zilizotumika ng'ambo, zile ex-UK, wachunguze hapa kwa makini, kwa sababu aliyezitumia kwanza au aliyekuuzia huenda alizipanga kwa ajili ya ofisi.

Je, ni lini fundi ana haki ya kusema skrini imeharibika? Skrini ikizima hata ukiwa katikati ya kuandika, hilo si usingizi. Kwa skrini nyembamba ya kawaida, subiri usiku, zima taa ya chumba, washa kompyuta, kisha mulika skrini kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu mle gizani, picha ipo na mwanga wa nyuma ndio uliokufa. Kwa kompyuta ya mezani, azima skrini ya jirani uichomeke kwenye mashine yako. Hiyo ya kuazima ikifanya kazi saa nzima bila kuzima na yako ikashindwa, mpelekee fundi skrini peke yake, na kompyuta uiache nyumbani.