Mama wa Filamu Hana Kauli

Katika filamu zetu nyingi za Kiswahili, mama ana kazi mbili tu: kulia au kuroga. Akiwa mzazi, hulia kando ya kitanda cha mgonjwa. Akiwa mama mkwe, hupeleka jina la mkazamwana kwa mganga. Akiwa mama wa kambo, hunyima watoto chakula. Watungaji hujitetea kwamba wanaionyesha jamii ilivyo. Nakataa.

Jamii hiyo hiyo ndiyo iliyomlea Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, hali anaugua, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Wapo wanaoyapinga vikali mawaidha yale, na wana haki. Lakini huwezi kumpinga asiye na kauli. Mama wa filamu zetu hapingiki, kwa kuwa hasemi neno la kupingwa.

Wala si kwamba haiwezekani. Katika *Supa Modo* (2018) ya Mkenya Likarion Wainaina, mama ni mkunga. Anamtoa hospitalini bintiye asiyetarajiwa kupona, amrudishe nyumbani. Dada mtu anataka mtoto aaminishwe kuwa ana nguvu za ajabu. Mama anakataa, wanabishana, naye hatimaye anageuza msimamo. Huyo analia pia, lakini anafikiri.

Enyi waandishi wa filamu, Kiswahili hakijawapungukia. Mpeni mama hoja aitetee, hata kama atashindwa.